Limebaki Moja Tu

Tulimwacha Haraka ndani ya ghala, viatu mkononi, akinyata kati ya rafu, na kufuli likalia nyuma yake. Najua wapo walionilaani kwa kumfungia mtoto wa watu wiki nzima. Haya, tumfungulie. Au tuone kwanza kama atafunguliwa.

"Unatafuta nini huku, Haraka?"

Haikuwa sauti ya mlinzi. Ilikuwa ya bosi wake, na bosi hakuwa nje ya mlango. Alikuwa humo humo ndani. Alikuwa ameufunga mlango kwa ndani, na ufunguo akautia mfukoni mwa koti.

Alikuwa anatabasamu. Bwana huyu hutabasamu hata anapomfukuza mtu kazi, ndiyo maana ofisi nzima inamwita Bosi Tabasamu, yeye mwenyewe akiwa hayupo.

Kwa waliolishika gazeti leo kwa mara ya kwanza: Haraka si jina alilopewa na mama yake. Ni jina la kazini. Ameajiriwa na duka la mtandaoni, duka lisilo na kaunta wala mlango wa wateja, na kazi yake ni kuandika yale maneno mekundu chini ya picha ya bidhaa. Yamebaki matatu tu! Wahi kabla hujakosa! Watu kumi na saba wanaitazama bidhaa hii sasa hivi! Ndiye yeye. Mchana kutwa anakaa kwenye kiti cha kuzunguka na kuwatimua mbio watu asiowajua.

Na hayo matatu hakuna anayeyahesabu. Ghalani yanaweza kuwa mia tano, Haraka anaandika matatu. Ni sheria ya ofisi: visionyeshwe vitu zaidi ya vinne. Na idadi ya watazamaji isiwe namba nzuri nzuri. Ukiandika ishirini, mteja anajua umekisia. Ukiandika kumi na saba, anadhani umehesabu.

Sasa, Haraka ana dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea. Dada huyo ana mtoto mchanga asiyepatana na maziwa yoyote ya kawaida. Akionja tu, midomo inavimba na pumzi inapanda kwa shida. Kumnyonyesha dada hawezi, kwa sababu ya dawa kali anazokunywa. Mtoto anaishi kwa unga wa maziwa maalumu wa kopo, na unga huo unauzwa na duka moja tu. Duka la kina Haraka.

Juzi juzi dada alipiga simu roho juu. "Mdogo wangu, naona maziwa ya mtoto yamebaki matatu. Ninunue leo leo?"

Haraka akacheka. "Dada, hayo matatu nimeyaandika mimi. Tulia. Nunua utakapopata nafasi."

Dada akatulia. Alipopata nafasi, ukurasa ulikuwa umeandika neno jingine: Yamekwisha. Na safari hiyo hakuwa Haraka aliyeliandika. Mashine iliandika yenyewe.

Ndiyo maana aliingia ghalani kwa kunyata. Alitaka kuona kwa macho yake.

"Nimekuuliza," alisema Bosi Tabasamu. "Unatafuta nini?"

"Maziwa, bosi. Yale ya watoto, ya kopo la bluu."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Ulisema nirudi kwenye kiti changu."

"Na kiti chako kiko huku?"

Macho ya Haraka yalikuwa yametua kwenye rafu ya mwisho. Maboksi ya bluu! Yamepangwa kutoka sakafuni mpaka darini, ukuta mzima, kila boksi na picha ya mtoto mnene anayecheka.

"Kumbe yapo!" Haraka alipiga kelele. "Bosi, kumbe yapo tele! Na watu tunawaandikia yamekwisha!"

Hakungoja ruhusa. Aliviangusha viatu, akakimbilia ile rafu, akalikumbatia boksi la kwanza kwa nguvu zote za mtu anayetarajia uzito.

Akaanguka nalo chali.

Boksi lilikuwa jepesi kama kofia. Alilipasua. Tupu. Akavuta la pili, la tatu. Tupu, tupu. Maboksi yakamporomokea kichwani moja baada ya jingine, na watoto wanene wakawa wanamcheka kila upande.

Bosi Tabasamu alingoja zoezi liishe.

"Hayo ni ya picha," alisema kwa upole. "Wenye mtaji wakija kutembelea, lazima waone ghala limejaa. Wateja tunawaambia limekauka, wenye mtaji tunawaambia limefurika. Ndiyo biashara, mama. Sasa umeyaharibu, utayapanga."

"Kwa hiyo maziwa..."

"Hakuna. Kiwanda kimesimama. Lini yatakuja tena, hata wao hawajui."

"Na wiki ile nilipoandika yamebaki matatu?"

Hapo tabasamu la bosi lilipanuka kweli kweli. Alionekana kufurahia.

"Yalikuwa matatu. Hasa. Tangu nifungue duka hili, ndiyo mara ya kwanza umesema ukweli."

Haraka alikaa pale pale sakafuni, kati ya maboksi. Alitaka kulia, machozi yakakataa. Wazee walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, ila hawakusema kwamba anaweza kumtanguliza mtoto wa dada yake.

"Nifungulie, bosi. Niende nikayatafute kwingine."

"Kwingine hakuna, na unajua. Lakini kufungua nitakufungulia, tukielewana." Aliutoa ufunguo, akawa anauzungusha kidoleni. "Una hasira. Mtu mwenye hasira huropoka. Siri ya duka ni kama nguo ya ndani: kila mtu anajua unayo, lakini hutoki nayo barabarani. Neno moja likimfikia mteja kwamba zile namba tunazipika, kazi huna. Na duka jingine lolote nitakaloulizwa habari zako, nitazieleza. Unanielewa?"

Alimwelewa. Shemeji yake, mume wa dada, hana kazi tangu karakana yao ifungwe. Dawa za dada, chakula cha nyumbani, maziwa ya mtoto, vyote vinategemea kile kiti cha kuzunguka. Akiropoka, wanakufa njaa. Asiporopoka, anabaki humu humu na maboksi matupu.

"Naapa," alisema Haraka. "Hakuna mteja atakayesikia kwangu."

Kumbukeni kiapo hiki. Hakikudumu hata mpaka jioni.

Ufunguo ulizunguka. Mlango ukafunguka. Haraka akatoka peku, viatu amevisahau.

Nje, kwenye uwanja wa mizigo, alikuwepo kijana wa kupeleka oda kwa pikipiki. Wanamwita Breki, kwa sababu pikipiki yake haina.

"Dada Haraka, mbona unatembea kama umetoka kupigwa?"

"Breki, niambie kitu kimoja. Makopo matatu ya mwisho ya maziwa ya bluu. Ulimpelekea nani?"

"Ah, yale? Fundi cherehani mmoja, ghorofa zile nyuma ya kiwanda cha magodoro. Simsahau. Alinipokonya mfuko mkononi kabla sijashusha mguu."

"Yote matatu alichukua yeye?"

"Yeye peke yake."

Simu ya Haraka ikaita. Dada. Nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa analia kilio chembamba, kilio cha mtoto aliyepunjwa.

"Mdogo wangu, umeyaona?"

"Nayafuata, dada. Umebakiwa na kiasi gani?"

"Nimekikung'uta kijiko. Cha jioni kipo, nikikoroga mepesi. Asubuhi sina. Usijilaumu, eh? Ulisema kwa nia njema."

Afadhali angetukana. Tusi lina mahali pa kulijibia. Haraka alikata simu, akapanda pikipiki isiyo na breki, akafumba macho.

"Twende, Breki. Na usisimame."

"Hata nikitaka," alisema Breki.

*

Mlango wa fundi ulifunguka kiasi cha kupitisha pua. Ndani palining'inia mnyororo. Juu ya mnyororo kulikuwa na jicho moja, na utepe wa kupimia shingoni.

"Kama umefuata sare za shule, njoo kesho."

"Sikufuata sare, dada yangu. Nimeletwa na shida."

"Shida hapa zipo za kutosha. Hatupokei nyingine."

"Nina mtoto wa dada. Anakunywa yale maziwa ya kopo la bluu."

Jicho halikupepesa. Kisha mlango ukafungwa, pa!

Haraka hakuondoka. Alipiga goti pale pale mlangoni, akasema kupitia tundu la ufunguo. Alisema jinsi midomo ya mtoto inavyovimba. Alisema jinsi dada anavyokikung'uta kijiko. Jirani wa mlango wa pili akachungulia, akakohoa, akarudi ndani kusikiliza vizuri zaidi.

Mnyororo ukatoka. Mlango ukafunguka.

"Ingia, unanijazia watu."

Chumba kilikuwa kimoja, na cherehani ndiyo iliyokuwa mwenye nyumba. Sare za shule zilijaa kitandani, kwenye kiti, juu ya friji. Mgongoni kwa fundi alilala mtoto mdogo, mashavu yana mabaka mekundu. Haraka aliyatambua yale mabaka. Ni yale yale ya mtoto wa dada yake.

Na juu ya kabati, makopo ya bluu. Moja limefunguliwa. Mawili bado na karatasi yake ya kiwandani.

"Naomba moja," alisema Haraka. "Moja tu. Nitakulipa mara mbili."

"Pesa ndiyo nitaikoroga kwenye chupa?" Fundi alisimama kati yake na kabati, mikono kiunoni. "Dada, roho mbaya sina. Lakini duka lenyewe limeandika yamekwisha. Nikikupa wewe, huyu wangu akiamka nimpe uzi?"

"Ulinunuaje yote matatu?"

Fundi akacheka kicheko kisicho na furaha. "Nilitaka moja, haki ya Mungu. Nilikuwa hapa nashona kola. Nikafungua simu, nikaona: yamebaki matatu, watu kumi na saba wanayatazama sasa hivi. Nikawaona! Wamama kumi na saba, kila mmoja na wake mgongoni, wamejipanga kwenye ngazi zangu. Niliacha sindano katikati ya kola. Nikanunua yote. Usiku ule sikulala kwa aibu, nikiwafikiria wale kumi na saba niliowanyima."

Haraka alishika ukingo wa cherehani. Wale kumi na saba aliwajua vizuri. Aliwazaa yeye, siku moja kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu kumi na sita alishaitumia kwenye tangazo la pasi ya umeme.

Sasa msomaji, mwangalie huyu binti hapa. Mbele yake makopo mawili. Mdomoni mwake maneno anayoweza kuyasema akayapata. Na nyuma ya maneno hayo, kazi yake, dawa za dada, chakula cha nyumba nzima. Kiapo alichokula hakijapoa.

Alipiga moyo konde.

"Dada yangu, hao watu kumi na saba hawapo."

"Hawapo vipi?"

"Hawajawahi kuwapo. Mimi ndiye ninayewaandika. Ndiyo kazi yangu pale dukani. Naandika yamebaki matatu hata yakiwa mia tano. Naandika watu wanatazama hata kama hakuna hata mmoja. Ni ili mtu kama wewe aache sindano kwenye kola."

Fundi alikaa juu ya lundo la sare. Alimtazama Haraka kuanzia miguu yake peku mpaka nywele zilizojaa vumbi la maboksi.

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe ndiye uliyeninyima usingizi?"

"Ni mimi. Nisamehe."

Hapo ndipo palipokuwa na mtego, wala Haraka hakuutega yeye. Ulijitega wenyewe. Fundi aliinua kichwa taratibu, na matumaini yakamwingia usoni.

"Ngoja kwanza. Kama yale matatu yalikuwa uongo... basi na hili la yamekwisha ni uongo?"

Haraka akaona boksi la kwanza mikononi mwake, jepesi. Akaona kijiko cha dada kikikung'utwa. Kumwambia huyu mama kweli, ni kurudi mikono mitupu. Kudanganya, ni neno moja tu, tena swali lenyewe limeshamtafunia.

"Ndiyo," alisema. "Ni uongo. Ghala limejaa. Nimetoka humo sasa hivi, maboksi yamepangwa mpaka darini."

Na maboksi si yalikuwepo? Hivyo ndivyo alivyojitetea moyoni. Msomaji, mimi sitamtetea. Nilimpenda binti huyu tangu sura ya kwanza, na leo ameniudhi.

Fundi aliruka juu. "Ewe Mola! Na mimi hapa nampimia mwanangu kwa kijiko kama dawa! Chukua, dada, chukua yote mawili. Kama yapo tele nitaagiza kesho. Mtoto wa dada yako ale ashibe."

Aliyabandika makopo yote mawili kifuani kwa Haraka. Haraka alikuwa ameomba moja. Mikono yake ikapokea mawili, ikayakumbatia, na mdomo ukasema ahsante. Makopo yalikuwa mazito, mazito ya kweli. Alitaka kukimbia.

Alishafika mlangoni aliposikia nyuma yake:

"Hebu ngoja."

Fundi alimpita, akautia ufunguo kwenye kitasa, akauzungusha, akautumbukiza kifuani kwake. Leo kwa mara ya pili Haraka anafungiwa, na mara hii na mtu aliyemtendea wema.

"Si umesema maneno ya pale mnaandika nyinyi?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi andika. Hapa hapa, nione. Toa hilo yamekwisha, weka yapo, niagize langu. Likipita, nakufungulia mlango na baraka juu. Si kwamba sikuamini, dada. Ila umeshaniambia kazi yako ni uongo."

Niambieni, nani atabishana na hoja hiyo?

"Natumia mashine ya ofisini..." Haraka alijaribu.

"Na hiyo simu uliyoishika?"

Kwenye simu ndimo ilimokuwa, programu ya kazini, kwa sababu Bosi Tabasamu hupenda watu wake wafanye kazi hata wakiwa msalani. Akiandika matatu, wataagiza watu watatu. Wamama watatu watakaa na chupa tupu wakingoja pikipiki ya Breki isiyokuja. Akiandika moja, ataagiza huyu tu, hapa mbele yake. Uongo mmoja, mtu mmoja. Baadaye atajua la kumwambia.

Ndivyo alivyofikiri, kama mtu aliyezoea kupika namba. Aliyabana makopo kwapani, akafungua ukurasa wa maziwa, akafuta neno Yamekwisha, akaandika: Limebaki moja tu!

Akabonyeza.

Simu ya fundi ikalia papo hapo, ti-ting, juu ya cherehani. Fundi akashangilia. "Limetokea! Limetokea kweli!"

Haraka hakushangilia. Ule mlio ulimkata maini. Kila mtu aliyekuwa anayasubiri yale maziwa na kubonyeza Nijulishe, simu yake imelia sasa hivi. Kengele hiyo ni ya mashine, haimsubiri mtu, na alikuwa ameisahau kabisa. Mwaka mzima anaandika ya watu kumi na saba wasiokuwepo, leo amewaita waliopo.

"Agiza!" alimhimiza fundi. "Agiza upesi!"

"Naagiza, usinipigie kelele mtoto ataamka. Wanataka anwani. Mbona nilishawapa anwani?"

"Bonyeza ile ya zamani! Hapo chini! Haraka!"

Msomaji, jina lake mwenyewe lilimtoka mdomoni, na fundi vidole vikazidi kugongana. Akabonyeza. Akasahau namba ya siri. Akaikumbuka. Mtoto mgongoni akastuka, akaanza kulia. Fundi akawa anamtikisa kwa mgongo huku anabonyeza kwa kidole gumba.

Kisha akaacha kutikisa.

Aliigeuza simu, akamwonyesha Haraka. Ukurasa ulikuwa umeandika: Pole, umechelewa. Yamekwisha.

Mtoto alizidi kulia.

"Ulisema wale watu kumi na saba hawapo," alisema fundi. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyokuwa mbaya. "Sasa nani amenipiku?"

"Nitaandika tena. Ngoja niandike tena..."

"Nani amenipiku, wewe binti?"

Programu ya kazini ilikuwa imejifunga. Haraka alijaribu mara moja, akajaribu tena. Nywila si sahihi. Huko ofisini kuna mtu ameona mabadiliko, na mtu huyo, bila shaka, anatabasamu.

Fundi alinyoosha mikono. Hakupiga kelele. Aliyachukua makopo yake mawili kutoka kwapani mwa Haraka, moja, kisha la pili, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akayarudisha juu ya kabati. Mlango hakuufungua.

"Sasa keti," alisema. "Uniambie kweli. Kuna maziwa ghalani, au hakuna?"

Haraka alifungua mdomo. Simu ikaanza kuita mkononi mwake.

Alijua ni bosi. Alifumba macho, akabonyeza kupokea, kidole kikateleza kikagusa na spika, na sauti ikajaa chumba kizima.

"Mdogo wangu!" Ilikuwa sauti ya dada, inacheka, inalia, vyote pamoja. "Nimelipata! Simu ililia tu, nikasema safari hii sisubiri mtu, nikabonyeza. La mwisho kabisa, mdogo wangu! Limebaki moja, na nimelipata mimi!"

Fundi aligeuka taratibu kutoka kabatini.

"Dada," alisema Haraka. "Dada, nisikilize..."

"Nisikilize wewe kwanza! Sikukwambia, nilitaka nikushtukize. Nesi wa zahanati alikuwa ametuwekea kopo moja, limetoka kwa mzazi aliyehama. Shemeji yako alishafika mlangoni kulichukua. Sasa kuna mama alikuwa analia pale, wake ana hali kama ya wetu. Nikampigia shemeji yako, nikamwambia mwachie yule mama, sisi tumeshapata. Ameshampa, mama wa watu ameshaondoka nalo. Sikutaka kuwa na mawili wakati mwenzangu hana hata moja. Nimefanya vizuri, sivyo?"

Fundi alikuwa amesimama mbele yake, mkono mmoja umelala juu ya makopo, na alikuwa anamtazama kama anayemwona sasa ndiyo kwanza.

"Haloo? Mbona kimya? Haya basi, niambie kitu kimoja nikate simu, huyu mwanao ameanza kulia njaa. Kopo langu linafika saa ngapi?"